Sakafu Haionekani

Jumanne, 13 Septemba 1983

Saa kumi na mbili na robo nimewasha pampu. Imekohoa, ikakubali. Majani ya mwarobaini nimeyatoa bwawani kwa wavu. Nimechota maji kwenye kichupa, nimetia matone matano ya kupimia klorini. Njano safi, ileile ya kwenye kadi. Kopo moja la klorini, nusu kikombe cha dawa ya jua.

Dawa ya jua ni jina langu mwenyewe. Jina lake la Kizungu linanishinda. Jua la Shinyanga linakula klorini, mchana mmoja tu imekwisha, na dawa hii ndiyo inayoikinga isiliwe. Mzee aliyejenga nyumba hii, kabla kiwanda cha pamba hakijawa cha umma, alinifundisha kupima vyote viwili. Alinipa na sheria moja. Kule chini, upande wa kina, kuna kifuniko cha chuma chenye matundu tisa. Siku usiyoyaona matundu, asiingie mtu, hata awe nani.

Leo nimeyaona yote tisa. Miaka kumi na minne naanza siku kwa kuyahesabu.

Jumatano, 14 Septemba

Klorini ya siku hizi siielewi. Tangu Sabasaba inakuja kwenye makopo ya samli, hayana karatasi. Msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, Meneja wa kiwanda, anayekaa nyumba hii sasa, aliogopa kukutwa na vitu vya nje, akamwambia karani wa stoo abandue karatasi zote na vingine avihamishie makopo hayo. Sasa sukari ya Meneja, sabuni ya unga ya Meneja na klorini yangu vyote vina sura moja. Nikiuliza, karani ananiambia, "Nusa tu, Baba Zuhura." Nimenusa. Ni klorini kweli. Ila chembe zake ni kubwa kuliko za zamani na zinayeyuka upesi mno.

Natumia vipimo vilevile. Sina vingine.

Jumamosi, 17 Septemba

Neema, binti wa Meneja, kaoga kutwa na wenzake wawili. Ana miaka minane, anajiona samaki. Mimi nimesimama ukingoni nahesabu vichwa. Vitatu, vitatu, viwili, moyo unapasuka, vitatu. Mama yake kaniletea chai, kanicheka. "Baba Zuhura, wewe ni mwoga kuliko kuku." Ni kweli. Sijui kuogelea. Nimezaliwa Nyasubi, pale Kahama, maji mengi niliyoyaona utotoni yalikuwa kwenye mtungi.

Maji yana ukungu kidogo. Matundu tisa, lakini la mwisho nimelitafuta.

Mama Limi kaja asubuhi kama kawaida. Anafua nguo za nyumba ya jirani, na bomba la mtaa sasa linatoa maji mara mbili kwa juma, tena kwa foleni ya kupigana. Tangu Agosti namfungulia geti dogo la nyuma saa kumi na mbili, anachota ndoo tatu. Nimemwambia ni ya kufulia tu, asimpe mtoto akanywa. Anavua katambuga zake za matairi nje ya geti, asije akachafua vigae vya watu. Nikamwambia vigae ninavisugua mimi, aingie nazo. Hataki. Akimaliza ananishukuru kwa Kisukuma, anapaza sauti, "Wabeja, Baba Zuhura," mpaka naisikia kwenye kibanda cha pampu, kisha anavuta geti.

Meneja hajui. Akijua sina kazi.

Jumatatu, 19 Septemba

Matundu saba. Mengine nayakisia tu.

Njano ya kichupa ni nzuri, hata imezidi. Sasa mbona maji yanaharibika? Nimeongeza klorini makopo mawili. Nimeongeza na dawa ya jua, maana jua la juma hili halina huruma.

Alhamisi, 22 Septemba

Kifuniko hakionekani.

Nimelala kifudifudi ukingoni, nimekinga macho kwa viganja. Chini ni weupe mtupu, maji ya kuoshea mchele. Nimemwambia Mama Neema hakuna kuoga. Hakubisha. Neema kalia, kanuna, kaniita mchawi. Heri aniite hivyo.

Nimefunga kamba kuzunguka bwawa zima. Nimelala mchana kwa raha. Kama haogi mtu, hazami mtu.

Ijumaa, 23 Septemba

Baada ya sala nimetoa mrija wa kupimia dawa ya jua. Sikuwa nimeupima tangu mwaka jana, kichupa cha dawa yake kimebaki na kidogo sana na kingine sijui nitakipata wapi. Huu unachanganya maji na dawa, yanakuwa meupe, unayamimina polepole kwenye mrija wenye kitone cheusi chini. Kitone kikipotea, unasoma; kikiwahi kupotea, dawa imezidi. Siku zote kinapotea mrija ukiwa umepita nusu.

Leo kimepotea kabla maji hayajafika upana wa kidole.

Nimemwendea karani, nimembana. Ile karatasi aliyobandua, iliandikwaje? Akafikiri. Akasema aliona kama imeandikwa kwamba ni dawa mbili ndani ya moja, haihitaji nyingine. Anasema hivyo huku anakula karanga.

Kwa hiyo makopo yale yana dawa ya jua tayari ndani yake. Na mimi tangu Sabasaba namimina nyingine juu. Imejaa mpaka imeifunga klorini mikono. Ipo, kichupa kinaiona, lakini haiui kitu. Miaka kumi na minne ya kujisifu, nimeharibu maji kwa mkono wangu mwenyewe. Nina hasira na karani, nina hasira na Meneja, na nikimaliza kuwakasirikia hao wawili nabaki mimi.

Dawa ya jua haikauki wala haioshwi kwa dawa nyingine. Tiba ni moja. Kumwaga nusu ya maji na kuweka mapya.

Jumamosi, 24 Septemba

Nimemngoja Meneja mpaka amalize kunywa chai. Nimemweleza. Kanisikiliza vizuri, si mtu mbaya wa kusikiliza.

"Ndugu Ramadhani, unataka nimwage maji barabarani wakati watu wanapanga foleni bombani? Mwaka huu?"

Nikasema tuyamwage usiku.

"Usiku ndio watasema naficha kitu. Na hayo mapya nitayatoa wapi? Kisima cha kiwanda kinatoa tope. Yaache. Weka dawa."

"Dawa ndiyo ugonjwa wenyewe, Ndugu Meneja."

Akatazama saa yake. Ndivyo yalivyokwisha mazungumzo.

Jumatatu, 26 Septemba

Maji yameanza kuwa na kijani. Chura mmoja kaingia. Nimemwona akipiga mbizi, na alipofika shubiri moja chini sikumwona tena. Nimengoja atoke. Hakutoka mbele yangu.

Jumatano, 28 Septemba

Utelezi umepanda vigaeni, upande wa kina hasa. Nimeteleza mwenyewe, nikashika mwarobaini. Goti limevimba. Nilitaka kusugua leo ila brashi imekwisha nywele, na stoo hakuna nyingine. Nitasugua kwa mchanga Jumamosi.

Nimemwambia Mama Limi achotee upande wa ngazi, kule kwenye maji mafupi. Akasema sawa. Lakini upande wa ngazi uko mbali na geti, na ndoo zake ni za chuma, nzito. Nilipochungulia nimemkuta kapita chini ya kamba yangu, kachuchumaa palepale upande wa kina. Nikamkemea. Akacheka, akasema maji ni yaleyale.

Nilipaswa kumfungia geti papo hapo. Nimeona haya. Mtoto wake Limi ana miaka miwili na mama huyu ameniamkia kwa heshima kila siku tangu Agosti. Basi nikamwachia.

Ijumaa, 30 Septemba

Asubuhi nimemfungulia. "Mwangaluka, Baba Zuhura." Nikaitika, nikamtania kwamba nguo za jirani zitaota majani kwa maji haya ya kijani. Akasema kijani ni rangi ya chama, jirani atafurahi. Huyu mwanamke hakosi jibu.

Mkanda wa pampu ulikuwa umechomoka. Nimekaa kibandani kama nusu saa, ukirudi unachomoka, ukirudi unachomoka, na ulipokubali pampu ikapiga kelele kama kawaida yake. Nilipotoka geti limefungwa, Mama Limi kaondoka. Shija, mlinzi, alikuwa anamaliza zamu. Akasema alilikuta linapigapiga na upepo, akalifunga yeye.

Leo hakuniaga. Nimedhani ana haraka, au aliniaga na pampu ikameza sauti.

Saa kumi na moja jioni kaja mume wake, Masanja. Mtu mrefu, mpole, anachunga ng'ombe za watu. Kasimama geti kubwa, kofia mkononi. Mkewe hajarudi tangu alfajiri na kwa jirani hakufika. Kuna aliyemwona?

Meneja alikuwa kibarazani, hatua tano. Kanigeukia. "Wewe unaamka mapema. Umemwona?"

Nimesema sijamwona.

Nimeandika hivyo ili nijue niliyoyasema. Nimesema sijamwona. Masanja kaniambia asante, kaondoka. Nimeswali Magharibi sikumbuki rakaa.

Jumamosi, 1 Oktoba

Matone matano kwenye kichupa. Maji yamebaki meupe.

Nimerudia. Meupe.

Nimeosha kichupa, nimechota upande wa ngazi, nimerudia. Hata tone la njano hakuna. Jana asubuhi ilikuwa njano ya kupita kiasi. Nimetia makopo matatu, nimengoja saa nzima pampu ikizunguka, nimepima. Njano ya kuchungulia, kisha baada ya saa nyingine imekwisha tena. Kitu kimekula klorini yote usiku mmoja. Na jua halifanyi kazi usiku.

Nimekaa kwenye ngazi za bwawa nikifikiri ni chura. Vyura wangapi?

Mtaa mzima ulikuwa unamtafuta. Wengine wamefuata reli. Sisi tumekwenda mtoni Mhumbu, kule wanawake wanakochimba mchanga kutafuta maji, maana shimo likiporomoka linamfukia mtu. Tumefukua mashimo sita. Masanja anachimba kwa mikono. Nimechimba kando yake. Kila jembe lilipogonga kitu nimeomba awe ni yeye, awe huku mtoni, asiwe kwingine. Aibu kuandika, lakini ndivyo nilivyoomba.

Saa kumi nimerudi. Shija alikuwa anaingia zamu. Kaniuliza kama ninamjua mwenye katambuga hizi, alizikuta jana asubuhi nje ya geti dogo pamoja na ndoo mbili tupu, akaziweka zote kibandani kwake zisibebwe. Ya kushoto imefungwa kamba ya buluu.

Ni zake Mama Limi. Nimekwenda kuchukua ule mpini mrefu wa brashi. Nimesimama nao ukingoni muda, nashindwa kuuzamisha. Maji yametulia, meupe yenye kijani, hayaoneshi kitu. Nimeupitisha chini polepole kuanzia pembeni. Hatua ya kwanza hakuna. Ya pili ndoo, imelia chuma kwa chuma. Ya nne umegota kitu, kikasogea kidogo, kikarudi.

Nimemwita Shija. Nimegonga mpini kwenye vigae mpaka akaja.

Jana nzima nilipita pale. Asubuhi ya leo nimemimina makopo matatu juu yake.

Jumapili, 2 Oktoba

Walimtoa jana kabla ya giza, vijana wa kiwanda wanaojua kuogelea. Nilikuwepo. Siandiki nilichokiona.

Leo askari wametaka bwawa likauke, waone kama kuna kingine. Meneja mwenyewe kaniambia, "Fungua. Yote." Nimefungua. Yametoka kwenda mtaroni kutwa nzima, maji yaleyale niliyoomba kumwaga nusu yake tu siku nane zilizopita. Wanawake wa mtaani wamesikia maji, wamekuja mbio na ndoo na masufuria. Wamejaza. Kisha mmoja kauliza kwa nini yanamwagwa, na Shija kamwambia. Wameinamisha ndoo zao moja moja wakamwaga, wakaondoka.

Chini kulikuwa na ndoo yake moja, na tope. Kifuniko kinaonekana, matundu yote.

Neema kafungiwa chumbani asione. Nimemsikia akiuliza dirishani ni samaki gani amekufa.

Jumatatu, 3 Oktoba

Wamemzika asubuhi kijijini kwao, ng'ambo ya reli. Sikwenda. Meneja aliniita ofisini, kwa mara ya kwanza akanikaribisha kiti.

Anasema ameshaandika maelezo polisi. Marehemu aliruka ukuta alfajiri kuiba maji, akateleza. Hakuna aliyemfungulia. Kwa hiyo hakuna mwenye kosa, wala yeye wala mimi.

"Wewe ulisema hukumwona, Ndugu Ramadhani. Mbele yangu na mbele ya mume wake. Endelea hivyohivyo. Una Zuhura anasoma."

Nikasema ukuta ule una vipande vya chupa juu, mwanamke mwenye ndoo tatu hawezi kuuruka. Akasema askari hawakuuliza habari za chupa.

Nimeondoka nimetikisa kichwa, na hakujua kama nimekubali au nimekataa. Nami sikujua.

Jumanne, 4 Oktoba

Shija anasema msibani watu ni wachache. Habari ya wizi imefika kabla ya maiti. Wale waliokuwa wanafua naye hawakwenda. Jirani aliyekuwa akifuliwa nguo na marehemu naye anasema hakujua maji yanatoka wapi, na alikuwa anazivaa kila siku nyeupe safi. Mama mzazi wa marehemu hajasema neno tangu Jumamosi. Watoto wa mtaani wameanza kumwita Limi mtoto wa mwizi wa maji. Ana miaka miwili, hajui hata kutamka mwizi.

Sina kazi ya kufanya bwawani. Nimesugua vigae vya upande wa kina kwa mchanga. Nimevisugua vyote. Sasa havitelezi.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimekwenda msibani kwa miguu. Nimefika saa nne.

Wanaume walikuwa wanne tu kwenye benchi, na Masanja. Nimetoa pole, wamenisogezea nafasi. Nimekaa kitambo. Chai imeletwa, nimeinywa nusu. Kisha nimemwomba Masanja tusogee kando, halafu nikaona kusogea kando ni uoga uleule, nikasema palepale.

Nimesema geti nilimfungulia mimi. Kila siku tangu Agosti. Ndoo tatu, za kufulia. Siku ile pia nilimfungulia mimi, tukataniana. Maji nilikuwa nimeyaharibu mimi, hayakuonesha chini, na utelezi niliuona nikaahirisha. Na wewe ulipokuja kuuliza, nilikuwa nimemwona.

Masanja kanitazama. Nilidhani atanipiga, na ningekaa nipigwe. Kauliza kitu kimoja. "Aliingia kwa mlango?"

"Kwa mlango. Alivua viatu nje."

Kainuka, kaenda mpaka mlangoni pa nyumba walimokaa wanawake. Kainama, kasema na mama mkwe wake kwa Kisukuma, polepole. Kisukuma changu ni cha sokoni, lakini nimesikia ndoo tatu, nimesikia mlango, nimesikia hakuiba. Kalirudia hilo la mwisho. Kisha yule mama mzee kaanza kulia kwa sauti, kilio cha siku tano, na wanawake wengine wakampokea.

Hakuna aliyeniambia niondoke. Hakuna aliyeniambia nikae. Nimekaa mpaka saa tisa, nimerudi.

Kesho asubuhi nakwenda polisi kusema maneno hayohayo. Zuhura nimemwandikia barua, aende kwa shangazi yake Nyasubi shule ikifungwa. Nimekunja shati moja, suruali moja na msala.